Msikimbilie sururu, bomba linatibika ndani kwa ndani

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Inaniuma kuona watu wanachimbua ua mzima na kuvunja sakafu eti bomba la majitaka limepasuka, wakati tangu 1971 kule London injinia Eric Wood alishaonyesha unaweza kuingiza kitambaa kama soksi kilicholowa rezini (gundi ya majimaji inayogeuka ngumu) ndani ya bomba lilelile, kinabanwa ukutani, kikishakauka ni bomba jipya ndani ya la zamani. Ila jamani kamera ipite ndani ya bomba kwanza! Bomba lililobonyea maji yakatuama, soksi inafuata bonde hilohilo, hapo chimbeni tu. Lililochakaa sana linapasuliwa hukohuko ardhini huku jipya linavutwa nyuma yake, mara nyingi mashimo mawili yanatosha. Fundi asiyetaka kukuonyesha video, usimpe kazi.