Sogezeni Lile Benchi: Barua ya Wazi kwa Wauguzi, Wakunga, Matabibu na Watu wa Maabara wa Tanga

Wanangu,

Marahaba kwa shikamoo zenu, maana wengi wenu mkinikuta njiani bado mnanipa. Mimi ni mkunga mstaafu. Nilianza kazi mwaka 1979, nikakabidhi funguo za kabati la dawa mwaka 2015, na tangu hapo nimejizuia kuwaingilia. Mstaafu anayezungukazunguka wodini ni kero, nalijua hilo. Lakini mwezi uliopita niliona jambo lililoninyima usingizi, nami nikinyamaza nitakuwa nimeshiriki.

Nilimsindikiza mtu wa kwangu kliniki ya wajawazito. Kituo sikitaji, na nimebadili mambo mawili matatu ili mtu asijulikane. Tuliketi kwenye benchi lililo chini ya dirisha la maabara, kina mama kama ishirini hivi. Dirisha likafunguliwa. Kijana wa maabara akaita jina la binti mmoja, la kwake na la baba yake, kisha akasema kwa sauti ya mnadani: "Kaswende imeonekana. Nenda chumba cha sindano, na mumeo aje." Hakuwa na ubaya moyoni, alikuwa na foleni. Binti alisimama, akavuta kanga mpaka machoni, akapita mbele ya watu wote wale, akatoka getini. Chumba cha sindano kilikuwa upande wa pili.

Mnajua alichokiacha nyuma. Sindano ya penisilini, dawa ya miaka mingi, ambayo ingemtibu yeye na kumkinga mtoto asizaliwe mfu au na ugonjwa. Dawa ilikuwemo kabatini na kipimo kilifanywa sawasawa, kazi yote ikamwagwa na mdomo. Jioni nilipokwenda dukani kununua chumvi, habari ilikuwa imefika kabla yangu.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Kweli, lakini anayefunua huwa amemwamini anayetazama. Mwanamke wa Tanga hamvulii nguo dada yake wa tumbo moja, anakuvulia wewe usiyejuana naye, kwa sababu ya ile sare. Mmepata kumtazama muosha maiti? Anaona kovu, kidonda na aibu ambayo hata mke hakuwahi kuiona, akitoka chumbani anasema tu "tayari". Hajasomea chuo wala hana leseni. Anajua muosha huoshwa.

Metroni aliyenilea kikazi alikuwa mkali wa jambo moja kuliko yote. Alitukataza kumuuliza mgonjwa sokoni, "Umepona?" Mkikutana Mgandini, msalimie kama mtu, muulize watoto, muulize bei ya samaki. Habari ya ugonjwa ni yake, aianze yeye. Nilipokuwa kijana niliona ni makeke ya mzee. Nilimwelewa baada ya 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa kule Kagera na hofu ikashuka mpaka pwani. Tuliona watu wakitengewa vikombe na waume wakihama nyumba kwa neno moja lililopenya kutoka wodini.

Niwaeleze juu ya mama mmoja, marehemu sasa. Alikuwa akiuza vitumbua. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, yeye alikuja kuandikishwa baadaye kidogo, si Tanga mjini bali Korogwe. Kwa nini? Kwa sababu mhudumu wa kliniki ya karibu alikuwa jirani yake, na jirani huyo alikuwa na mdomo. Basi kila mwezi alipanda gari, apite Muheza, apite Segera, akachukue vidonge vya bure kwa nauli ya kukopa. Biashara ilipoyumba akaruka mwezi mmoja, halafu miwili, kisha akaacha. Akashika mimba katikati ya hayo. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 wanaozaliwa na mama mwenye virusi huambukizwa, kwa kuhesabu mimba, kuzaa na kunyonyesha. Kwa dawa hawafiki 5. Mwanawe hakubahatika. Nilimzalisha mimi, kwa hiyo sisimulii ya kusikia. Jirani yule hakushika kisu wala hakumpa mtu sumu, na mpaka leo sidhani kama anajua alichokifanya.

Sasa mmeongeza simu. Kijana kaletwa na bodaboda, mguu umesagika, na kabla damu haijakauka picha iko kwenye makundi ya WhatsApp. Mtaani kwetu kuna mama aliyeujua msiba wa mwanawe kwa njia hiyo, akiwa anachambua mchele. Msiniambie uso ulifichwa. Mama anaijua kandambili ya mwanawe.

Sheria mnayo. Ile ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu, na marekebisho ya 2019 yamempa kijana wa miaka 15 haki ya kupima bila ridhaa ya mzazi, lakini bado nasikia muuguzi akimpigia mama mtu simu "kwa wema". Wema gani huo? Huyo mtoto hatarudi, na wenzake atakaowahadithia hawatakanyaga. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo habari za afya imezihesabu kuwa nyeti. Na madaktari wa dunia, katika Tamko lao la Geneva la 1948, waliongeza mwaka 1968 kwamba siri ya mgonjwa hutunzwa hata akishakufa. Hata akishakufa, wanangu.

Wengi wenu mmepangiwa kazi hapa kutoka mikoa mingine, na Tanga mwaijua kwa msemo wa waja leo waondoka leo. Mtahamishwa, mtakwenda. Mliyemwaibisha anabaki Makorora na watu wake, na wanawe wataolewa au hawataolewa kwa neno mlilolitupa dirishani.

Mengine nayataja tu, mmeshafundishwa. Naweni mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa. Andikeni kwenye faili mlichokifanya, si mlichotakiwa kufanya. Zamu ikabidhiwe mtu kwa mtu. Mama mwenye uchungu hapigwi mapajani wala haulizwi raha aliipata na nani. Glovu zikiisha, semeni zimeisha na mwandike zimeisha. Kumuuzia mama glovu za mfukoni mwako wakati huduma ya uzazi sera imeitaja kuwa bure ni wizi, hata ukiuita chai.

Sijasahau mnavyofanya kazi. Nimewahi kubaki peke yangu usiku na wodi nzima, mama wawili wakisukuma kwa wakati mmoja, taa imekatika, mume wa mmoja ananitukana kwa mlangoni. Nawajua mnaokula mihogo saa kumi jioni ndicho chakula cha kwanza. Na jamii hii inayowalaumu nayo haina mikono safi. Nani anawaita wapiga picha waingie wodi ya wazazi siku ya Machi 8, sabuni moja na pampasi mkononi, mama aliyeshonwa usiku akilazimika kutabasamu? Aliyelazwa na dripu atakataaje? Viongozi nao huja na kamera, wakamfokea muuguzi mbele ya wagonjwa wake, na nyuma yake mgonjwa yuko wazi kifuani, taifa zima linamwona. Nani alijenga chumba cha ushauri nasaha kwa ubao mwembamba, hata kikohozi kinavuka? Nasi majirani, tunaokaa barazani tukihesabu nani kaingia mlango upi wa hospitali, tumwogope Mungu.

Binti yule nilimtafuta. Ilinichukua siku nne, na mara mbili alinifungia mlango. Tulikwenda kituo kingine, daladala mbili, na mumewe alikuja juma lililofuata. Muuguzi wa pale, msichana mdogo sana, alifunga mlango kabla hajauliza jina, akavuta kiti akaketi usawa wake. Nilikaa nje, sikusikia hata neno moja. Nilimwombea dua.

Nawaomba kitu kidogo kabla ya semina yoyote. Kesho asubuhi kabla ya foleni, sogezeni lile benchi mbali na dirisha la maabara. Majibu yaende kwa karatasi iliyokunjwa, mkononi, na watu waitwe kwa namba. Kama benchi ni zito, nitumieni ujumbe. Nina wajukuu wanne wenye nguvu, na asubuhi sina kazi.

Mama yenu,
Mkunga mstaafu, Ngamiani, Tanga