Zoezi la wiki: namba zinazosomeka sawa pande zote

Habari za jioni wanakikundi. Wiki hii tunashughulika na namba ambazo zikiandikwa katika kizio cha mbili (kwa tarakimu 0 na 1 tu) husomeka vilevile mbele na nyuma: 1, 3, 5, 7, 9, 15, 17, 21, 27, 31, 33, 45, 51, 63...

Msizitafute kwa kupima moja moja, zitengenezeni. Chukua nusu ya kwanza, ianze na 1, kisha igeuze na kuiambatisha. Kwa 101: ukirudia tarakimu ya mwisho ya nusu hiyo unapata 101101, yaani 45, usipoirudia ni 10101, yaani 21. Wengi hukosea hapo. Zenye tarakimu 7 ziko 8 tu, maana tarakimu 3 pekee ndizo za kuchagua.

Sifuri ya mbele hairuhusiwi: 6 ni 110, haimo, ingawa 0110 ingesomeka sawa.

Sehemu tamu zaidi: zenye idadi shufwa ya tarakimu zote hugawanyika kwa 3. Vipeo vya 2 vikigawanywa kwa 3 hubakiza 1, 2, 1, 2 kwa zamu. Kila tarakimu na pacha wake wa upande wa pili huangukia zamu tofauti, hivyo kila jozi ya 1 hutoa mabaki 1 na 2, jumla 3. Hivyo humo namba tasa ni 3 peke yake.

Kufikia Ijumaa, thibitisheni hali hiyohiyo kwa kizio cha kumi na kigawanyo 11.