Watoto wanauliza: kikapu hiki ni cha oda au ni chetu?

Kwako Mshauri,

Nakusalimu na kukupa pole ya kazi. Nimekuwa msomaji wa safu yako kwa muda mrefu, na ingawa barua nyingi unazozijibu zinahusu ndoa na mirathi, naomba nafasi kwa jambo ambalo majirani zangu wanaliona ni neema, lakini mimi linaninyima usingizi. Linahusu vikapu.

Ninaishi Nyakato, hapa Mwanza, na mume wangu, watoto wetu watatu na mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu kutoka Ukerewe baada ya kufiwa na mumewe. Mume wangu anafanya kazi ya dagaa. Wasomaji wa kanda hii wanajua kazi hiyo inavyokwenda: dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga wa taa, kwa hiyo mbalamwezi inapokuwa kubwa taa hazifui dafu, mitumbwi hupumzika, na nyumbani fedha hupungua mpaka giza lirudi. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wana taa za sola, lakini mwezi wenyewe haujabadilika.

Siku hizo za mbalamwezi ndizo zilizotujengea desturi ambayo sasa naiona inapotea. Baba yupo nyumbani, hakuna anayeamka usiku wa manane kwenda kupokea mzigo mwaloni, na jioni tulizoea kukaa wote barazani, kila mtu na kazi yake ya mikono. Mama mkwe alisuka mikeka na makawa ya ukindu. Mimi nilishona mifuko na foronya kwa vipande vya vitenge ambavyo mafundi cherehani wa jirani huniwekea badala ya kuvitupa. Mume wangu aliziba matundu ya nyavu, na watoto walifanya lolote lililowajia kichwani. Mwanangu wa pili, ambaye sasa ana miaka 11, alianza na magari ya waya yenye matairi ya kukatwa kwenye kandambili zilizochakaa, kisha akahamia kwenye ukindu wa bibi yake na kuanza kuutia rangi kwa namna zake mwenyewe. Aliwahi kuchemsha rangi nyekundu na ya bluu katika sufuria moja, akatia chumvi kama alivyomwona bibi akifanya, akatoka na zambarau ambayo hata bibi aliiomba. Vidole vyake vilikaa na rangi hiyo wiki nzima, na mwalimu alimtuma nyumbani na karatasi ya kuuliza kama ni ugonjwa.

Hapakuwa na ratiba wala mwalimu, lakini watoto walijifunza mengi pale barazani. Binti yangu wa mwisho, aliyekuwa anasumbuka na hesabu shuleni, alijua kuhesabu kwa mbilimbili na kwa tatutatu kwa kufuata michoro ya mkeka, kwa sababu ukikosea kuhesabu milia miwili ya ukindu, ua halitokei, na huhitaji kuambiwa na mtu kwamba umekosea. Bibi naye alisimulia hadithi za kwao, nyingine ninashuku alizitunga papo hapo.

Mambo yalianza kubadilika tulipoingia kwenye magugu maji. Mmea huu wenye asili ya Amerika ya Kusini umekuwa adha kwa Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980: huziba njia za mitumbwi, huharibu nyavu, na upepo ukivuma kuelekea nchi kavu huujaza mwalo mzima kijani. Jirani mmoja aliyefundishwa katika kikundi chake cha akina mama alituonyesha kwamba mabua yake, yakikatwa marefu, yakaoshwa tope na kuanikwa juani mpaka yageuke rangi ya kahawia, husukika vizuri sana. Kazi kubwa ipo katika kukausha, maana bua bichi karibu lote ni maji, na lundo linalojaza toroli hubaki kifurushi cha kubeba kwapani. Yakisukwa yakiwa bado na unyevu, kikapu huota ukungu kikiwa kimeshafika kwa mnunuzi, ndiyo maana masika kwetu ni kipindi cha wasiwasi na kiangazi cha kuanzia Juni ndicho kipindi cha kazi. Mabua yaliyokauka husukwa kwanza misuko mirefu ya nyuzi tatu, kama nywele za msichana wa shule, kisha misuko hiyo huzungushwa kwenye fremu ya waya au kiolezo cha mbao mpaka kikapu kisimame.

Tulivifurahia. Mwaka jana mfanyabiashara mmoja anayeuza samani na mapambo kwa hoteli aliviona kwa jirani, akaja nyumbani na sampuli yake na futi kamba. Alitaka vikapu vya nguo chafu 40, vyote vya kimo kimoja na mdomo wa upana mmoja, rangi ya asili bila mchanganyiko wa ukindu, kwa shilingi 18,000 kila kimoja, nusu ya malipo mkononi. Mwanangu yule wa pili alimletea kikapu chake chenye kifuniko cha umbo la kichwa cha sato, macho ya shanga na mapezi ya ukindu wa zambarau. Mgeni alicheka kwa upole, akakigeuza mara mbili, akakiweka kando na kusema, “Hii ni ya kuchezea. Mimi nataka vinavyofanana.” Sikumlaumu, kwa kuwa mwenye hoteli anataka vyumba vyake vifanane. Hata hivyo, mtoto hajasuka kifuniko kingine chochote tangu siku ile.

Oda ile ilikwisha, ikaja nyingine, na nyingine. Sikatai kwamba imetusaidia. Shule za serikali hazitozi ada, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula cha mchana havinunuliwi kwa maneno, na miezi ambayo dagaa walikuwa haba, vikapu ndivyo vilivyotulisha. Kinachonisumbua ni namna baraza letu lilivyogeuka. Watoto wakitoka shule hukuta misuko imeshapangwa na bibi kwa kila mmoja. Hadithi zimekwisha, kwa sababu hadithi inapunguza mwendo wa mikono. Siku moja nilimwona binti yangu ananyoosha mkono kuchukua bua, akausitisha hewani, akaniuliza, “Mama, hiki ni cha oda au ni chetu?” Nilipomwambia ni cha oda, alirudisha mkono na kukaa mbali kidogo, kwa kuogopa kukiharibu. Siku hizi wote wanauliza hivyo kabla ya kugusa kitu chochote pale barazani.

Wana sababu ya kuogopa. Mama mkwe wangu ni mwanamke mwema na mikono yake ina ustadi ambao mimi sitaufikia, lakini katika kazi hana mchezo. Watoto wanapolala, huchukua vikapu vyao, hupitisha kidole gumba kwenye ukingo mzima taratibu, na anapokuta msuko umelegea hufumua mistari mitatu au minne na kuisuka upya, bila kumwambia mtu. Asubuhi mtoto hukitazama kikapu chake na kugundua kwamba si chake tena. Hakuna aliyegombezwa, kwa hiyo hakuna wa kulalamikia, na nadhani hilo ndilo linalowaumiza zaidi.

Suala la malipo nalo limeingia. Oda ikizidi, mume wangu huwaita watoto wawili wakubwa wa jirani waje kusuka misuko, na huwalipa. Binti yangu aliuliza mbele ya watu wote kwa nini wao wanalipwa na yeye halipwi. Bibi akajibu, “Mtoto halipwi kwa kuishi kwao.” Jibu hilo nililikubali moyoni, kwa sababu hata mimi nililelewa kwa kupalilia shamba la pamba la baba yangu bila kudai senti. Lakini shamba lile lilikuwa letu na mavuno tuliyaona, ilhali hivi vikapu watoto huviona vikipakiwa kwenye bajaji na havirudi, na fedha yake hawajui imekwenda wapi. Wakati wenzao wa jirani wanaondoka na noti mkononi, wangu wanaambiwa wakaoshe mikono wale.

Yapo mambo mawili ambayo katika hayo sikuyumba. La kwanza ni ziwa lenyewe. Kijana wangu mkubwa alikuwa amekwishaanza kuingia majini na wenzake kukata magugu ili tuokoe gharama. Maji matulivu ya pembezoni yenye mimea mingi ndiko wanakoishi konokono wanaosambaza kichocho, na kanda yetu inaugua sana ugonjwa huo. Dawa zinazogawiwa shuleni humtibu mtoto, lakini hazimzuii kuambukizwa tena akirudi majini. Nilikataza. Tangu hapo tunanunua mabua kwa vijana wanaovaa buti ndefu, na mume wangu anaona ninamwaga fedha. La pili ni usiku. Nimesoma kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa, na inakataza mtoto kufanya kazi ya ajira kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Sidai kwamba baraza langu ni kiwanda, wala sidhani sheria hiyo ilimlenga mtoto anayesuka kwa bibi yake. Hata hivyo saa 2 ikifika mimi hukusanya mabua na kuyafungia stoo, hata kama kikapu kimebaki mstari mmoja. Kijana mkubwa yuko darasa la saba na mtihani wake wa taifa ni Septemba.

Mume wangu hatuelewani katika hili, ingawa hatujafika kugombana. Yeye huuliza watoto wanaumia wapi, kwa kuwa wapo nyumbani, wanakula, wanajifunza kazi, na yeye katika umri wao alikuwa anavuta kamba za nyavu kwenye baridi. Nilipendekeza kwamba angalau siku za mbalamwezi tusiguse oda, tukae kama zamani, kila mtu asuke anachotaka. Akanijibu jambo ambalo sikuwa na la kulijibu: siku hizo ndizo ambazo yeye haingizi kitu, na ndizo ambazo ana nafasi ya kusaidia, kwa hiyo oda isiposukwa siku hizo itasukwa lini? Hapo ndipo nilipokwama, Mshauri. Siku zilezile zilizokuwa za starehe yetu ndizo fedha inapohitajika zaidi, na kila ninapojaribu kulinda jioni moja ninaonekana nazuia chakula.

Kurudisha nyuma haiwezekani kwa sasa, kwani malipo ya awali ya oda iliyopo mume wangu ameshanunulia nyavu. Jirani yangu ananishauri niwatoe watoto kabisa katika oda na kuwaajiri watu wazima, lakini nimepiga hesabu, na baada ya kununua mabua na fremu hakibaki cha maana. Mwingine anasema niwalipe watoto kama wanavyolipwa wa jirani, yaishe. Naogopa kwamba nikifanya hivyo, hata mkeka wa nyumbani utakuwa na bei, na siku nitakapomwomba binti yangu anisaidie kushona foronya ataniuliza ni shilingi ngapi. Mimi mwenyewe nafikiria kumtengea kila mtoto kikapu kimoja katika kila oda, ajue kabisa kwamba fedha ya kikapu kile ni ya mahitaji yake na yeye ndiye atakayesema inunue nini, lakini sina hakika kama hiyo si njia nyingine tu ya kuwalipa.

Naomba unishauri hasa katika mambo haya. Je, watoto wa umri huu walipwe kwa kazi inayouzwa, au wapewe haki ya kujua na kusema fedha imetumikaje? Je, namwambiaje mama mkwe, kwa heshima anayostahili, aache kufumua kazi ya watoto usiku, au awafundishe mchana mbele yao, bila yeye kuona kwamba nimemnyang'anya kazi pekee inayompa kauli katika nyumba hii? Sitaki ajihisi mgeni kwa mwanawe. Na mwanangu wa pili, ambaye kikapu chake cha sato bado kipo juu ya kabati, nimrudishe vipi kwenye ukindu wake bila kumlazimisha, kwa maana kumlazimisha kutakuwa kumpa oda nyingine?

Nitashukuru ukinijibu mapema iwezekanavyo. Mfanyabiashara yule amepiga simu tena, anataka idadi iongezwe mara mbili kwa ajili ya wageni wa Desemba na anasubiri jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu, na mume wangu ameshaanza kuulizia bei ya taa mpya kwa kutegemea malipo hayo.

Wako katika kusubiri ushauri,

Mama wa Watoto Watatu,
Nyakato, Mwanza