Mizizi ya meno ya binti yangu imelika, na mume wangu analaumu uamuzi wangu

Shikamoo Anti,

Nakuandikia saa tisa usiku, nimekaa jikoni na picha ya eksirei. Nimeinyanyua kwenye taa mpaka macho yanauma. Meno mawili ya mbele ya juu ya binti yangu, mizizi imefupika. Kwenye picha ya mwanzo ilikuwa imechongoka vizuri, sasa ncha ni butu, karibu robo imeondoka. Daktari amesema mzizi ukishalika hauoti tena.

Tulipoingia kwenye gari mume wangu akasema, "Si nilisema waya?" Basi. Tangu Alhamisi hajarudia, lakini mimi nalisikia hata akikohoa.

Anti, naomba unielewe. Mtoto ana miaka 16, meno yalikuwa yamepandana, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Baba yake alitaka waya za kunyoosha meno kwa sababu ni nafuu na mtoto hawezi kuzivua. Mimi nikasema shuleni watamtania, tumwekee zile trei za plastiki zisizoonekana, zinazofunika meno na kuyasukuma taratibu. Pesa ya ziada niliitoa mimi, ya kikoba, sikumwomba mtu. Na mtoto amezivaa saa 22 kwa siku, anavua wakati wa kula na kupiga mswaki tu, kila wiki mbili anabadilisha seti. Uzembe wangu uko wapi?

Nilimuuliza daktari makusudi, mume wangu akiwepo: tungefunga waya, hili lisingetokea? Akasema lingeweza kutokea vilevile. Jino likisukumwa, mfupa wa upande mmoja unayeyuka ili lipite, na wakati mwingine mzizi nao unalika. Akasema zipo tafiti zilizoona plastiki zinadhuru kidogo kuliko waya, ila hakuna kifaa kisicho na hatari, na meno ya mbele ya juu ndiyo huathirika zaidi. Mume wangu aliyasikia yote hayo. Halafu ndani ya gari, "Si nilisema waya?"

Daktari akauliza pia kama mtoto aliwahi kuanguka akagonga meno, maana jino lililowahi kuumia mzizi wake hulika kwa urahisi zaidi. Nikajibu hapana. Binti yangu alikuwa bado amelala kwenye kile kiti, akanitazama, akanyamaza.

Anti, aliwahi. Akiwa na miaka 9 aliteleza bafuni, meno hayohayo mawili yakalegea, damu ikamtoka. Baba yake alikuwa safarini, mimi nilikuwa kwenye kichenpati ya mtoto wa dada yangu, nimemwacha na dada wa kazi. Baada ya wiki yakakaza yenyewe. Tukakubaliana baba asiambiwe, angezisema sana shughuli zangu. Kwenye fomu ya kliniki siku ya kwanza niliandika hapana, lakini sikudanganya, nilikuwa nimesahau. Yaani sikutaka kukumbuka. Na kama mtoto angeanguka mimi nikiwa nyumbani, angeanguka tu.

Sasa daktari amesimamisha kusukuma kwa miezi mitatu. Atavaa seti ileile ili meno yasirudi yalikotoka, kisha apigwe picha nyingine. Anasema mara nyingi kulika kunakoma nguvu ikiondolewa. Ilikuwa imebaki miezi sita amalize. Kuna saa nataka zivuliwe zote tuachane na mambo haya. Jana nikataka kupiga simu wamfunge hizo waya amalizie, ili nyumba itulie, wakati daktari ameshaniambia waya nazo zinasukuma. Mtoto akasema, mama, usiwapigie.

Sijui kama nimwambie daktari habari ya bafuni, na kama anaweza kuipokea bila kumweleza baba yake. Nikimwambia mume wangu mwenyewe, atasahau plastiki, atakumbuka kichenpati maisha yake yote. Nisiposema, mtoto anajua.

Lakini hasa nieleze nimjibu nini huyu mtu, maana daktari alisema wazi hata waya zingeweza. Mimi sikufuata urembo. Nilitaka mtoto acheke bila kuficha mdomo, na alikuwa ameanza. Tangu Alhamisi kiganja kimerudi.

Jumatatu asubuhi baba yake ndiye anayempeleka kliniki. Tafadhali Anti, nijibu kabla hawajatoka.

Mama asiyelala,
Dar es Salaam