Mama Joshua, usikope kwa ajili ya sherehe

Tandika, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Joshua,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, Nasra naye mafua yamemwachia. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, nikaona haya si mambo ya kujibiana kwenye simu huku mtu anasonga ugali, ndiyo maana nimekaa kitako nikuandikie. Unasema Joshua anatimiza miaka mitano mwezi ujao, kazi za shemeji zimepungua, nawe unawaza kuchukua mkopo wa kikoba ili mtoto asionekane mnyonge mbele ya wenzake. Shoga yangu, usikope. Anayekwambia ni mimi niliyekopa.

Picha za sherehe ya Nasra ya mwaka jana nilikutumia, na kwenye picha ilipendeza kweli. Nisichokusimulia ni kwamba ile 280,000 iliyotumika, 150,000 ilikuwa ya kikoba, na nimeilipa kwa miezi mitano. Lile puto la kurukia watoto tulilokodi lilichelewa kufika, halafu umeme ukakatika, likanywea watoto hawajaruka hata nusu saa. Lakini hayo yote nimeshayasahau. Lililonikaa moyoni ni Shabani, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alisimama getini muda mrefu, kavaa shati lake la Iddi, haingii. Nilipomfuata akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Nasra, mimi sina zawadi." Kwenye kadi nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba saa kumi na moja kutakuwa na kukabidhi zawadi. Mtoto yuko darasa la kwanza, kusoma anajua. Nilimshika mkono nikamwingiza, ila alikaa pembeni mpaka keki inakatwa.

Kwa hiyo mwaka huu nikaamua siku ya Nasra itakuwa siku ya vitu vya kuchezea, na watoto watavitengeneza wenyewe. Kadi sikuchapisha. Nilipita nyumba kwa nyumba na Nasra mkononi: "Jumamosi saa tisa njooni kwetu, zawadi msilete, kila mtu aje na boksi au chupa tupu." Hakuna mtoto huku kwetu anayekosa chupa tupu. Nilialika 12, wakaja 17.

Saa tisa usiidharau, nayo ni akiba. Ukiita watu saa saba lazima upike pilau na nyama. Saa tisa watoto wameshakula kwao, na saa kumi na moja na nusu wameshaondoka, wewe unatoa vitafunwa tu. Mimi nilikaanga mihogo na viazi, nikatengeneza juisi ya ukwaju na bisi. Ukijumlisha na keki, gundi, rangi na uzi, yote ilikuwa 35,000.

Fundi mkuu alikuwa babu yake Nasra. Unamjua, ameshona viatu maisha yake yote. Alikusanya ndala zilizokatika kikapu kizima, akazisugua kwa sabuni, akazianika. Ijumaa baada ya chakula cha usiku akakaa barazani, akaweka mfuniko wa chupa ya chai juu ya ndala, akachora duara kwa kalamu, halafu akakata kwa kile kisu chake chembamba cha ngozi. Kata yake haina papara. Mkono wenye kisu umetulia, anayoizungusha ni ndala, mpaka duara linadondoka lenyewe mapajani. Kila tairi lina rangi mbili, bluu chini, nyeupe juu, kama ndala ilivyo. Kisha akauweka msumari kwenye mkaa mpaka ukawa mwekundu, akatoboa katikati, moshi wa mpira ukatujaa puani. Alipomaliza matairi yalikuwa 80, kayapanga kwenye beseni kama maandazi. Chupa nazo tulikuwa nazo kiasi za kwetu, tukazitoboa usiku uleule. Kazi yote ya kisu na moto iishe usiku wa kuamkia, shoga, ili siku yenyewe watoto wabaki na kuchomeka, kufunga na kupaka rangi. Ekseli ni vijiti vya mishikaki, ncha zake zikatwe kwanza.

Ungewaona Jumamosi! Nilidhani nitahangaika kuwatuliza, kumbe kila mmoja kainama na gari lake, baraza ikawa kimya mpaka majirani wakachungulia. Nasra alitaka gari la wagonjwa, babu akamchorea msalaba mwekundu kwenye boksi la dawa ya meno.

Wasiotaka magari walitengeneza wanasesere. Fundi cherehani wa hapa jirani alinipa mfuko wa vipande vya vitenge bure, yeye huwa anavitupa. Mwili ni gunzi la mahindi, nguo ni kitenge unakifunga kwa uzi tu, hakuna sindano. Nywele mimi nilitumia nyuzi za sweta kuukuu, lakini wewe uko Morogoro, katani hukosi. Ichambue vizuri, ichovye kwenye chai ya rangi usiku kucha, inatoka nywele unaweza kuzisuka.

Mapambo hatukununua kabisa. Nilitundika kanga zangu nne ukutani, na juu yake tiara alizotengeneza mdogo wangu kwa magazeti na njiti za chelewa. Gundi ni unga wa ngano uliokorogwa na maji motoni mpaka ukawa mzito. Baada ya sherehe kila mtoto mkubwa aliondoka na tiara yake.

Michezo ikafuata yenyewe. Magari yalishindanishwa kwa kuvutwa na kamba kutoka mlangoni mpaka kwenye mwembe. Kulikuwa na mpira wa kuangusha makopo. Sisi tulichezea mipira ya mifuko ya rambo, lakini tangu mifuko ile ipigwe marufuku Juni 2019 tunafunga soksi na matambara, na mimi naona ni mizuri zaidi, haiumizi. Dada zao wakubwa wakacheza rede uwanjani, wadogo wakazunguka ukuti ukuti na Nasra katikati.

Keki niliipika mwenyewe kwenye jiko la mkaa, nusu kilo ya unga, sukari robo, Blue Band robo, mayai sita. Moto kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko, na usifunue funue. Nikaikata vipande viwili, kimoja kirefu, kingine kifupi kikakaa juu yake, nikabandika biskuti za duara nne ubavuni. Hiyo ndiyo gari. Watoto walipiga makofi kabla sijaiweka mezani.

Yapo mambo ambayo nakuomba uyashike kama dawa. Makopo ya bati yenye ukingo mkali usiyaingize kabisa, mtoto akija nayo yapokee asiumbuke, kisha yaweke ndani, umpe boksi. Visoda wape waliofika miaka sita na kuendelea, na uwahesabie. Puto likipasuka okota vipande papo hapo, mtoto mdogo akikitia mdomoni kinamkaba. Karanga na bisi usiwape walio chini ya miaka minne. Mdogo wangu nilimpa kazi hiyo moja tu, ya kuangalia wadogo, hakugusa kitu kingine.

Na Shabani? Alifika wa kwanza, saa nane na nusu, kabeba maboksi matatu amefunga kwa kamba. Hakutengeneza gari kama wenzake, alitengeneza lori lenye tela, na tela linakata kona. Kufika saa kumi watoto wamemzunguka wanamwita fundi, naye kapiga magoti anawafungia matairi mmoja mmoja. Mimi nilikwenda jikoni nikalia kidogo, halafu nikarudi na mihogo.

Babu ameshaanza kukata matairi ya Joshua, mpaka leo yamefika 40. Ijumaa nitayapeleka Mbezi nimpe konda wa basi la asubuhi, nitakutumia namba yake ukayapokee Msamvu. Wewe anza leo kuweka chupa, na waambie majirani wakuwekee. Ndani ya kifurushi utakuta na lori la Shabani. Nilimweleza kwamba kuna mwenzake huko Morogoro anatimiza miaka mitano, akaingia kwao, akatoka nalo.

Msalimie sana shemeji, na umbusu Joshua.

Shoga yako,
Mama Nasra