Daktari, nikubali kukatwa neva au nisubiri dawa mpya ya jasho la viganja?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 27, na viganja vyangu vinatoa jasho tangu utotoni. Nikinyoosha vidole kuelekea chini, linadondoka. Satini nyeupe siishiki bila glavu za pamba, na glavu zenyewe hulowa kabla sijamaliza kuunga mkono mmoja wa gauni. Sindano niliyoshonea nikiiacha mezani bila kuifuta, inashika kutu. Nikilala mikono inakauka kabisa. Nikiamka, yale yale. Baba yangu naye yuko hivyo hivyo.

Vipimo vya tezi ya shingo na sukari vilikuwa sawa, nikaambiwa jasho langu halitokani na ugonjwa mwingine. Kloridi ya alumini, dawa ya kupaka ya kuzuia jasho, iliniwasha bila kunikausha. Kutumbukiza mikono kwenye maji yanayopitishwa umeme mdogo kulinisaidia kweli, lakini nikipumzika tu jasho linarudi. Sindano za botoksi, dawa inayozuia kwa muda neva zisiamshe jasho, nilizikataa mwenyewe. Kwenye kiganja zinauma sana, na zinaweza kulegeza kwa muda misuli midogo ya kidole gumba. Fundi asiyeweza kubana sindano atashona nini?

Sasa daktari wa upasuaji ameniambia anaweza kupitia vitundu vidogo ubavuni, aingie kifuani na kukata neva inayoamrisha jasho la mikono. Mikono hukauka mara moja. Kinachonitisha ni jasho la fidia: linaweza kuhamia mgongoni, tumboni na mapajani, pengine likawa baya kuliko hili, na neva ikishakatwa ndiyo basi. Alinieleza haya yote waziwazi, na ninamshukuru.

Nikaanza kusoma kuhusu tiba mpya. Vitambaa vya kufuta vyenye glikopironiamu, dawa ya kuzuia jasho, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 ni vya makwapa. Jeli ya sofpironiamu, dawa nyingine ya aina hiyo, iliyoanzia Japani mwaka 2020 ikafika Marekani 2024, makwapa. Kiraka cha sodiamu, kinachotoa joto kikikutana na jasho, makwapa. Mashine ya maikrowevu inayounguza tezi, makwapa tena. Nawafurahia wenzetu waliopata nafuu, lakini inauma kuona viganja vinaachwa nyuma wakati mikono ndiyo inayotulisha.

Kilichonipa tumaini ni losheni ya oksibutinini ya asilimia 20, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2023 kwa ajili ya viganja hasa. Inapakwa usiku kabla ya kulala na kunawa asubuhi. Inazuia asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kuamsha tezi za jasho. Dawa hiyo hiyo ipo ya vidonge, ambavyo naweza kuandikiwa, ila vinapita mwili mzima: kinywa kinakauka, choo kinakuwa kigumu, macho yanaona ukungu. Kwa mtu wa kutunga uzi kwenye tundu la sindano, hilo la macho si dogo.

Naomba unisaidie kwa haya. Je, kuna hasara yoyote ya kiafya nikiahirisha upasuaji na kujaribu vidonge hadi losheni ipatikane? Na kwa kuwa vidonge hupunguza jasho la mwili wote, ni salama kwangu ninayesimama kwenye mvuke wa pasi sehemu kubwa ya siku, au mwili utashindwa kujipoza? Nimesikia pia kuwa wapo wanaobana neva kwa klipu badala ya kuikata. Klipu ikitolewa, neva inarudi kufanya kazi kwa uhakika, au ni matumaini tu?

Daktari wa upasuaji anasubiri jibu langu. Moyo wangu unaelekea kusubiri, lakini sitaki iwe ni woga tu unaoniamulia. Ungekuwa unamtibu binti yako, ungeanza na kipi?

Wako,
Fundi cherehani