Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: si kila kifua kibovu ni TB

Mheshimiwa Waziri,

Kwenye daftari la kliniki ya TB, dada yangu ameandikwa "amemaliza matibabu", maana yake kitakwimu ni mgonjwa aliyefanikiwa. Alimeza vidonge miezi 6 bila kuruka siku, na alipomaliza bado alikuwa hawezi kupanda kilima cha kwetu bila kuketi njiani.

Makohozi yake hayakuwahi kuonyesha vimelea, na GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya TB kwenye makohozi, nayo haikuona kitu. Eksirei ilionyesha tezi zimevimba pande zote mbili za kifua, basi akaanzishiwa dozi. Simlaumu daktari. TB ni nyingi nchini na kuishuku kwanza ni busara. Kinachoniuma ni kwamba nafuu ilipokosekana, hakuna aliyeuliza upya. Macho yalipokuwa mekundu na kuuma juani, tukaambiwa ni ethambutoli, mojawapo ya dawa za TB alizomeza. Dawa hiyo kweli hudhuru mshipa wa kuonea, lakini si kawaida yake kumfanya mtu awe na jicho jekundu linalokimbia mwanga. Nyumbani nako alitengewa kikombe na sahani, kwa ugonjwa usioambukiza.

Ugonjwa wake ni sarkoidosisi. Askari wa kinga ya mwili hujikusanya na kufanya vivimbe vidogo kwenye mapafu, tezi, macho, ngozi, hata moyo. Sababu yake haijajulikana. Tuliijua baada ya hospitali ya rufaa kuingiza kamera kifuani na kukata kinyama cha tezi, kwa fedha za michango ya ukoo. Akaanzishiwa prednisoloni, dawa inayopunguza nguvu ya kinga ya mwili, kikohozi kikatulia. Sasa tunahangaika na sukari, maana dawa hiyo huipandisha, na zahanati yetu mara nyingi haina vitepe vya kuipimia.

Ombi langu ni hili: mwongozo wa matibabu ya TB uagize kwamba mtu aliyeanzishiwa dozi bila vimelea kuonekana, na miezi 2 ikapita bila nafuu, apelekwe kwa bingwa wa kifua, kinyama kikatwe, na bima ilipie. Asipewe prednisoloni kwa kubahatisha tu. Ikiwa kumbe ni TB, dawa hiyo inaweza kuichochea ikamuua.

Na jina la dada yangu litolewe kwenye hesabu ya waliopona TB. Hakuwa nayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Kaka wa mgonjwa